Panya ameninusa mkono: yanayosemwa kuhusu harufu za panya, na yaliyo kweli

Katika mizigo ya Kampala, yaani vyumba vya kupanga, na stoo za mahindi za Masindi, panya hupewa sifa ya ujasusi. Akifa mmoja, wengine wameshapata habari; ukigusa mtego, wamekunusa. Kunusa wananusa kweli. Ila sehemu kubwa ya wanayoambiana kwa harufu haihusu hatari. Inahusu nani anaishi hapa, nani mbabe, jike gani yuko tayari, na leo kumeliwa nini.

Dhana: Panya aliyekula sumu huwaonya wenzake wasiile

Ukweli unakaribia kuwa kinyume. Panya akirudi tunduni, wenzake humnusa mdomoni. Pumzi yake hubeba harufu ya chakula alichokula pamoja na kaboni disalfaidi, kemikali iliyomo katika pumzi ya panya yeyote. Harufu hizo mbili zikiingia puani pamoja, anayenusa hujifunza kukipendelea chakula hicho. Mtafiti Bennett Galef na wenzake walionyesha mchango wa kemikali hiyo mwaka 1988, kwa panya wa kahawia (Rattus norvegicus). Majaribio yao yalionyesha pia jambo linaloshangaza zaidi: hata aliyenuswa akiwa mgonjwa, mwenzake bado alikipendelea chakula kilekile.

Basi kwa nini sumu huachwa? Kwa sababu kila panya hujifunza kwa tumbo lake. Huonja kidogo, na akiugua baada ya saa chache bila kufa, chakula hicho hakigusi tena. Ndiyo shida ya zinki fosfaidi, sumu ya panya ambayo huuma haraka. Sumu za kuzuia damu kuganda huchukua siku kadhaa kabla ya kuua, hivyo panya hapati nafasi ya kuhusisha maumivu na chambo.

Tabia hii ya kunusana mdomo inaweza kukufaa. Weka chambo kisicho na sumu, kwa mfano posho (unga wa mahindi) iliyochanganywa na karanga za kusaga au mukene (dagaa) kidogo, mahali palepale kwa siku 3 hadi 5. Wanaokula wataipeleka harufu tunduni. Usibadilishe mchanganyiko katikati. Ukianza na mukene, malizia na mukene, la sivyo unaanza somo upya. Chambo kikianza kuliwa kila usiku, ndipo utege mitego yote usiku mmoja.

Dhana: Panya wakinusa mkono wa mtu kwenye mtego, hawaukaribii

Panya wa nyumbani analala kwenye dari letu na kula kwenye masufuria yetu. Harufu yetu ni sehemu ya mtaa wake. Anachoogopa panya mkubwa, yule mweusi wa darini na yule wa kahawia wa mitaroni, ni kitu kipya kilichotokea njiani mwake. Mtego uliowekwa leo unaweza kuzungukwa siku kadhaa hata kama haujaguswa na mkono wowote. Panya mdogo wa nyumbani (Mus musculus) ana udadisi zaidi, naye huweza kunaswa usiku wa kwanza. Glovu vaa, lakini kwa ajili ya magonjwa.

Mtego ulioua pia hauhitaji kutupwa. Mabaki ya harufu ya panya mwingine mara nyingi huwavutia badala ya kuwafukuza. Harufu ya hofu ipo, na hutolewa na panya aliye hai akiwa katika mshtuko. Ndiyo sababu nyingine ya kuuchukia mtego wa gundi, unaomwacha akihangaika kwa saa nyingi. Mtego wa mbao na springi uukalishe kama msalaba na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa sababu panya hutembea akiufuata.

Dhana: Mkojo wa panya ni uchafu tu

Kwa Mus musculus, mkojo ni kitambulisho. Dume mbabe hapigi dimbwi moja. Hudondosha matone madogo mengi sana kwenye mipaka yake. Ndani mna protini zinazoshika molekuli za harufu na kuziachia polepole, ndiyo maana tone lililokauka bado "husema" baada ya saa nyingi. Mchanganyiko wa protini hizo hutofautiana kati ya panya na panya. Mojawapo, darsini, iliyotambuliwa mwaka 2010, humvutia jike. Akiigusa kwa pua mara moja tu, hukumbuka mahali alipoikuta kwa takriban siku 14. Na mwaka 1959 mtafiti Hilda Bruce alieleza kwamba jike aliyetoka kupandwa, akikutana na dume mgeni, mimba yake huweza kuharibika. Harufu ya dume huyo peke yake yatosha.

Kwa hiyo kufagia kona hakufuti kitu, na kufagia pakavu kunarusha vumbi la mkojo na kinyesi. Fungua madirisha dakika 30. Changanya sehemu 1 ya jiki na sehemu 9 za maji, lowesha kabisa, subiri dakika 5, pangusa kwa karatasi, kisha osha eneo lote kwa sabuni. Jiki isichanganywe na dawa nyingine yoyote ya usafi. Huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako tauni imewahi kuzuka, panya wanaokufa ovyo bila sumu kuwekwa waripotiwe kituo cha afya, wala wasishikwe kwa mkono.

Dhana: Harufu ya paka, pilipili au nafthalini (vidonge vyeupe vya kufukuza nondo) itawahamisha

Woga wa harufu ya paka panya huzaliwa nao, hata aliyekulia maabara bila kumwona paka. Lakini penye gunia la posho lililo wazi, woga huo hupungua siku baada ya siku iwapo harufu haifuatwi na paka mwenyewe. Pilipili ni hivyohivyo. Nafthalini ndani ya chumba cha kulala itawadhuru watoto kabla ya panya. Ziba matundu kwa saruji na wavu wa chuma: panya mdogo hupita kwenye upenyo wa milimita 6 tu.