Jiwe la nyumba za Lamu halikuvunwa lote baharini

Mara nyingi nasikia watu wakisema kwamba kuta za mji wa kale wa Lamu zilijengwa kwa matumbawe hai yaliyong'olewa baharini. Kauli hiyo ina kweli kidogo tu. Tumbawe laini la baharini lilikatwa, ndiyo, likachongwa lingali bichi, lakini hasa kwa kazi ya urembo: vidaka, miimo ya milango, mihrabu ya misikiti. Ukuta wenyewe, ule mnene, ni jiwe la nchi kavu. Huko Maweni, kisiwani Manda, bado linachimbwa, na jina la kijiji linajieleza.

Lilifikaje nchi kavu? Wengi hudhani ardhi iliinuliwa na tetemeko. La hasha. Miaka kama 125,000 iliyopita barafu ya ncha za dunia ilikuwa imepungua, na bahari ilisimama mita 6 hadi 9 juu ya kina cha leo. Matumbawe yakamea kwenye maji hayo mafupi. Bahari iliporudi chini, mwamba ukabaki juu, mkavu.

Tena si matumbawe matupu. Chukua kipande ukitazame juani: utaona vigae vya kombe, mchanga mweupe, tumbawe moja lenye vitundu kama sega la nyuki, vyote vimegandishwa na chokaa iliyoyeyushwa na mvua ikakauka tena. Ngome ya Yesu pale Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, imekaa juu ya mwamba wa aina hiyohiyo.