"Hana usonji huyo, ana kiburi tu"

Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari huko Baltimore, alichapisha maelezo ya watoto 11 wenye usonji (autism), hali ya ubongo kupokea sauti, mwanga na mazungumzo kwa namna tofauti: wavulana 8, wasichana 3. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna akaeleza habari za wavulana wanne. Hakukuwa na msichana mweusi hata mmoja. Picha iliyochorwa siku zile bado imening'inia ukutani, na mwanamke asiye Mzungu akiingia kupimwa hulinganishwa nayo. Haya ndiyo maneno anayokutana nayo.

"Usonji na ADHD ni mambo ya wavulana."
ADHD ni hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutulia au kukaza akili. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba kwa kila msichana mmoja mwenye usonji kuna wavulana wanne. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2017 ulionyesha kuwa uwiano ulio karibu na ukweli ni watatu kwa mmoja. Wasichana wapo, ila hawaonwi. Msichana mwenye ADHD mara nyingi hapandi juu ya meza. Ametulia kwenye kiti, macho dirishani, akili imeshafika mbali. Hamsumbui mtu, basi hapelekwi popote.

"Ni maradhi ya Wazungu."
Kwanza si maradhi. Pili, mwaka 2023 taasisi ya afya ya Marekani, CDC, ilitoa takwimu za watoto wa miaka 8 zilizokusanywa 2020, na kwa mara ya kwanza viwango vya usonji kwa watoto weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini na wa Kiasia vilikuwa juu kuliko vya watoto wa Kizungu. Ubongo wao haukugeuka ghafla. Walianza kupimwa.

"Huyu ana kiburi."
Hapa ndipo penye uchungu. Darasani taa inavuma, viti vinaburutwa, na msichana ameziba masikio kwa viganja. Mwalimu anamwita, kimya. Anamwita tena, naye anatazama sakafu. Mvulana wa Kizungu akifanya hivyo huenda akaitiwa mwanasaikolojia. Msichana mweusi anapelekwa kwa mkuu wa shule. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown wa 2017 uliwauliza watu wazima wa Marekani, nao waliwaona wasichana weusi, tangu umri wa miaka 5, kuwa wamekomaa zaidi na wanahitaji ulinzi na faraja kidogo kuliko wenzao wa Kizungu. Anayeonekana mtu mzima hasamehewi utoto, sembuse usonji.

Na nyumbani mambo hugeuka. Palipo na desturi ya kutomkazia mkubwa macho, binti yuleyule husifiwa kwa adabu. Shule inaona utovu wa nidhamu, nyumbani wanaona malezi mema, dalili inapita katikati.

"Mbona amesoma, ana kazi na watoto?"
Muulize anavyopiga simu. Kwanza anaandika kwenye karatasi: "Halo, habari za asubuhi, napiga kuhusu miadi yangu." Anairudia kwa sauti mara tatu ndipo abonyeze namba. Akimaliza, analala saa nzima. Kwa mwanamke mweusi kujificha huku kuna tabaka mbili, kwa sababu kazini tayari anachunga sauti yake asiitwe mkali. Kisha anaambiwa ni mwanamke shupavu. Mimi sifa hiyo siiamini. Aliyeshapewa cheo cha ushupavu haulizwi tena kama amechoka. Akifika kwa daktari, anatoka na jina la sonona au wasiwasi. Huenda anavyo kweli, lakini vimeota juu ya kitu ambacho hakuna aliyekigusa.

"Ni mtindo wa mitandaoni."
Kabla ya 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani haukuruhusu mtu mmoja atambuliwe kuwa na usonji na ADHD kwa pamoja, na dalili za ADHD zilitakiwa ziwe zimejitokeza kabla ya miaka 7. Sasa ni kabla ya 12. Wengi wanaotambuliwa leo wakiwa na miaka 40 walikosa nafasi utotoni kwa kanuni hizo.

Wengine hujitambua kupitia watoto wao. Mama anajaza fomu ya bintiye, anafika kwenye swali: je, mtoto husumbuliwa na lebo za nguo? Kalamu inasimama. Blauzi aliyovaa mwenyewe ilikatwa lebo siku aliyoinunua.