"Evict" Si Kila Kufukuzwa

Barua za malalamiko ya ardhi zinazotufikia siku hizi zina neno moja la Kiingereza linalobebeshwa mizigo yote: "evict". Aliyeachishwa kazi kalitumia. Ambaye mwanawe karudishwa nyumbani kwa sababu ya karo kalitumia pia. Inaeleweka, maana "kufukuza" kwetu kunatosha kazini, shuleni na shambani. Kiingereza kinagawa. Waasia waliopewa na Idi Amin siku 90 za kuondoka Uganda mwaka 1972 ni "expel". Wanaohamishwa Bududa, milimani mashariki mwa Uganda, kwa hofu ya maporomoko ni "evacuate". "Evict" ni kumtoa mtu kwenye ardhi au jengo analolikalia, basi.

Asili yake ni Kilatini, kushinda, na lilikulia mahakamani: aliyeshinda kesi alirudishiwa mali. Mahakama ndiyo watu wanayoiruka. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, si amri ya mahakama. Askari polisi kusimama kando ya greda si amri ya mahakama. Tumelisema hili redioni hadi sauti zimekauka.

Mwenye kibanja, yaani kipande anachokalia kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine, akitambuliwa na Sheria ya Ardhi ya Uganda haondolewi ila kwa amri ya mahakama, tena kwa sababu moja tu: kutolipa busuulu, kodi ya kila mwaka ya mwenye hati. Kwa marekebisho ya mwaka 2010, amri hiyo lazima itaje tarehe ya kuhama, isiyopungua miezi 6 tangu ilipotolewa. Anayeondoa watu bila amri, anayejaribu, na anayeshiriki, kifungo chake chaweza kufika miaka 7. Sioni kwa nini dereva wa greda ajihesabu hayumo. Wapangaji wa nyumba wana sheria yao ya mwaka 2022. Kufuli mlangoni usiku si utaratibu.

Upande wa pili nao usikilizwe. Wapo wanaoamini kibanja hakidaiwi chochote kwa kuwa babu amezikwa hapo. Kaburi halilipi busuulu.

Sheria inatumia neno hilohilo kwa uondoaji wa halali na wa haramu, kwa hiyo "I was evicted" peke yake haituambii kitu. Andika nani alikutoa, tarehe gani, alionyesha karatasi ipi, na muhuri ulikuwa wa mahakama gani. Kama hakuonyesha karatasi, andika hivyo. Risiti za busuulu tuletee nakala; zile halisi baki nazo.