Mtazame mdomo kwanza: kuvua nembwe na jamaa zake Zambezi ya juu

Karibu kila asubuhi, kabla hatujasukuma boti majini, mgeni huniuliza: leo tutumie nyungunyungu au chambo bandia? Nami humuuliza anataka samaki gani, kwa sababu jibu liko mdomoni mwa samaki, haliko kwenye sanduku la vifaa.

Huku Zambezi ya juu, magharibi mwa Zambia, kutoka mbuga za mafuriko za Barotse kushuka hadi mji wa Sesheke, samaki wanaoitwa brimu ni wa aina nyingi na tabia zao hazifanani. Wote ni ukoo mmoja na perege na sato wa kwetu. Wapo wenye mdomo mdogo, kama yule wa madoa matatu ubavuni (Oreochromis andersonii) na yule wa kifua chekundu (Coptodon rendalli), ambao hula mwani, majani, mashapo na wadudu. Halafu yupo nembwe (Serranochromis jallae), mwenye rangi ya kijani kibichi iliyochanganyika na manjano na mdomo mpana wa kumeza samaki wenzake. Ndugu yake wa karibu sana, Serranochromis robustus, yuko Ziwa Nyasa. Wenye mdomo mdogo wanavuliwa kwa nyungunyungu. Nembwe, kwa maoni yangu, avuliwe kwa chambo bandia.

Msimu nao una kauli yake. Mvua za Angola na kaskazini magharibi mwa Zambia huujaza mto taratibu, na mnamo Aprili Barotse yote huwa ziwa. Wakati huo samaki wametawanyika mbugani na utarusha mshipi hadi mkono ukufe ganzi. Maji yakianza kupwa hurudi kwenye mkondo na mabwawa ya pembeni. Agosti mpaka Novemba ndiyo miezi yangu. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane, na sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote.

Nembwe humkuti katikati ya mkondo. Pale anatawala samaki aitwaye taiga, mwindaji mwenye meno yaliyochomoza nje, naye nembwe anajua. Hujibanza kwenye matete, chini ya mafunjo yaliyoning'inia, kwenye mizizi ya mti ulioanguka. Mahali ninapopapenda kuliko pote ni mdomo wa mfereji unaotoa maji bwawani kuyaingiza mtoni. Maji ya bwawa ni meusi kidogo na maangavu, ya mtoni yana vumbi la mchanga, na yanapokutana huonekana mstari kabisa. Samaki wadogo hutoka na maji, na nembwe hukaa upande wa maji meusi, kichwa kikielekea mfereji, akisubiri.

Boti isimamishwe mbali, injini izimwe mapema. Rusha chambo kipite mstari, kitue shubiri moja tu kutoka kwenye matete. Kikitua mita moja nje, umekosa. Kisha usivute. Acha kizame chenyewe huku umeushika mshipi kwa vidole viwili, maana mara nyingi nembwe hupiga kikiwa kinashuka, na dalili pekee ni mshipi kulegea ghafla au kwenda pembeni. Asipopiga, vuta kidogo, tulia, vuta tena. Chambo cha mpira laini chenye umbo la samaki, ndoano ikiwa imefichwa mwilini mwake, hupita kwenye majani bila kunasa. Alfajiri, maji yakiwa shwari, weka kile kinachoelea juu na kutoa sauti ya kububujika.

Akishapiga, sekunde mbili za kwanza ndizo zinazoamua. Nembwe hakimbii mbali kama taiga. Hugeuka na kurudi mizizini kwake kwa nguvu zake zote. Mshipi wa kusuka unaohimili kilo 8 hadi 10 si mnene kupita kiasi kwa kazi hii, na rili iwe imekazwa. Mwisho wa mshipi mimi hufunga waya mwembamba wa sentimita 15 hivi. Wapo wanaosema waya unamtisha nembwe, na maji yakiwa maangavu sana nakubaliana nao kidogo. Lakini bila waya taiga hukata mshipi na kuondoka na ndoano mdomoni, na hilo sipendi kumfanyia samaki yeyote.

Tukirudi kwa wenye mdomo mdogo, hapo twende bwawani kwenye maji yaliyotulia. Ndoano namba 8, boya jembamba, chubwi dogo kiasi cha kulisimamisha boya tu. Nyungunyungu mzima ni mrefu mno: samaki huyu hushika mkia, akanyonya, akaondoka. Kata kipande kinachoifunika ndoano, kibaki kidogo cha kuchezacheza. Changanya pumba za mahindi na udongo wa mtoni, finyanga donge, litupe pale pale unapovulia.

Sasa litazame boya. Kambale hulizamisha moja kwa moja. Samaki wa madoa matatu hunyonya chambo, akakitema, akakinyonya tena, kwa hiyo boya litatikisika, litainama, pengine litalala kabisa juu ya maji. Usimkurupukie. Likianza kutembea kwenda upande mmoja, hapo inua ufito kwa upole. Na usisimame majini kusubiri haya yote; mto huu una mamba na viboko, kaa ndani ya boti.

Nembwe naye hukubali dagaa hai aliyetungwa mdomo wa juu na kuachwa aogelee karibu na matete. Tatizo ni kwamba hummeza mpaka tumboni, na samaki aliyemeza ndoano ni vigumu kumrudisha akiwa mzima. Mgeni aking'ang'ania dagaa, natumia ndoano ya duara, ambayo mara nyingi hushika pembeni mwa mdomo.

Chambo hai kivuliwe katika maji yale yale utakayovulia. Hili nalisimamia bila mjadala. Sato tunayemshangilia sokoni alitoroka kwenye mabwawa ya wafugaji akaingia Kafue na Kariba, akajichanganya kwa uzazi na samaki wa asili, na leo Oreochromis mortimeri wa Zambezi ya kati yuko hatarini kutoweka. Kamba wa Australia mwenye kucha nyekundu (Cherax quadricarinatus) naye ameshafika Barotse. Ndoo ya chambo imwagwe nchi kavu, mbali na maji, kabla ya kuhamia mto au bwawa lingine.

Kabla hujamtia samaki kwenye barafu, mfungue mdomo. Majike ya nembwe na ya samaki wa madoa matatu hulea mayai na vifaranga mdomoni. Ukiona chochote humo, mshushe majini papo hapo, usimpige picha, maana akikaa nje hutema watoto wote. Kwa kitoweo mimi huchukua wa madoa matatu wa ukubwa wa kati, wanaotosha sahani moja. Nembwe anayezidi kilo 2 huwa namrudisha.