Mafuta ya goti yamekwisha, na maneno mengine ya chumba cha eksirei

Pete ilikataa kutoka. Bi mkubwa alikuwa ameketi mbele ya meza ya eksirei, mkono wa kushoto ameunyoosha juu ya taulo, nami namsugua kidole kwa sabuni ya kipande huku bintiye ameshika kopo la maji. Kifundo kilikuwa kimefura, na pete imekaa nyuma yake kama mtu aliyejifungia chumbani. "Ina miaka 38 hapo," akasema. "Aliyenivisha keshatangulia, yenyewe bado yang'ang'ana." Tukacheka sote watatu. Ilipotoka akaifunga kwenye pindo la leso, ndipo nikampiga picha ya mikono yote miwili.

Wilhelm Röntgen, Mjerumani aliyegundua miale hii mwaka 1895, alimpiga mkewe picha ya mkono akiwa na pete kidoleni, na picha hiyo ikazunguka dunia nzima. Sisi hatuwezi kujiachia hivyo. Mfupa ulio chini ya dhahabu hausomeki, na kwa mgonjwa wa viungo huenda hapo hapo ndipo penye jambo. Hina ya Idi aliyokuwa nayo haikunisumbua. Hina haitokei kwenye picha, na wanaokuja wamejichubua mikono kwa ndimu ili waiondoe wanajitesa bure.

Nilipomaliza akaniuliza swali ninaloulizwa kila siku tangu nianze kazi hii hapa Mombasa: "Sasa mwanangu, mafuta yamekwisha?"

Mimi si daktari. Napiga picha, daktari wa radiolojia huisoma, na aliyemtuma mgonjwa ndiye atibuye. Lakini mtu akishavua bangili na viatu mbele yako husema mengi, na mengi katika hayo ameyapata kwa jirani, kwenye matatu, au kwa muuza dawa wa Mwembe Tayari.

"Mafuta ya goti yamekwisha"

Hakuna mafuta. Ncha za mifupa zinazokutana gotini zimevikwa gegedu, kitu cheupe kinachoteleza kama nyama ya dafu changa, na katikati kuna ute kidogo wa kulainisha. Kinacholika kadiri miaka inavyokwenda ni gegedu. Na hapa pana jambo ambalo hata baadhi ya wenzetu wa hospitalini hulisahau wanapozungumza na mgonjwa: eksirei hailioni gegedu kabisa. Tunachokiona ni mfupa wa paja juu, mfupa wa muundi chini, na pengo jeusi kati yao. Pengo likiwa jembamba, msomaji hukisia kwamba gegedu limepungua. Ni makisio mazuri, lakini ni makisio. Gotini mna pia visahani viwili vya gegedu ngumu, na kisahani kikisogea kutoka mahali pake pengo hupungua hata kama gegedu la mfupa lenyewe halijaisha.

Ule ute nao ni kichekesho. Goti lililovimba mara nyingi lina ute mwingi kupita kiasi, hata daktari huuvuta kwa sindano. Kwa hiyo anayelia kwamba amekaukiwa huenda amebeba vijiko kadhaa vya ziada. Neno hili la mafuta ndilo linalowauzia watu chupa zisizo na lebo na kuwafanya wanywe supu ya miguu ya ng'ombe asubuhi na jioni. Supu ni tamu, sina ugomvi nayo. Ila ikishuka tumboni husagwa kama chakula kingine chochote, wala haina njia ya mkato ya kwenda gotini.

"Mbona mimi nisilale?"

Hili hunipa lawama. Mtu ameshuka feri ya Likoni, amebanwa kwenye matatu, goti lamtoa roho, kisha mimi namwambia asimame. Anaona namnyanyasa. Lakini goti lililolala halina mzigo, na pengo lake hupanuka likaonekana zuri. Ukisimama, uzito wa mwili huisukuma mifupa ikutane, na hapo ndipo tunapoona pengo la kweli, lile unalotembea nalo. Pengine humwambia mgonjwa akunje magoti kidogo akiwa amesimama, kwa sababu gegedu hupenda kulika upande wa nyuma zaidi, pale unapochuchumaa au unapokaa kwenye mbuzi kukuna nazi. Magoti yote mawili hupigwa pamoja ili lile zima limshuhudie mwenzake.

Kama uliwahi kupigwa picha ya goti ukiwa umelazwa kitandani, na ripoti ikasema pengo ni la kawaida, si vibaya kumwuliza daktari kama inafaa irudiwe umesimama.

"Picha ni safi, basi hana kitu"

Hapa nitakaa kidogo, maana kosa hili limewaharibu watu mikono.

Pwani tunaita kila maumivu ya viungo baridi yabisi, na lawama twaitupia kusi, mvua ya masika, au sakafu ya simenti. Lakini yako angalau magonjwa mawili makubwa chini ya jina hilo moja. Kuna kulika kwa gegedu, kwa umri, uzito au jeraha la zamani. Na kuna baridi yabisi yenyewe, ambayo kinga ya mwili humgeuka mwenyewe na kuushambulia utando unaozunguka kiungo. Utando huvimba, hunenepa, kisha huanza kuula mfupa pembeni. Huu wa pili haungoji uzee. Huwapata sana wanawake, na wengine wangali wabichi.

Nilimpiga picha dada mmoja mkaanga mahamri. Alikuwa akiamka saa kumi za usiku kukanda unga, na vidole vilikataa kukunja mpaka jua liwe juu. Unga akaukanda kwa viganja na mifupa ya kifundo cha mkono, kama anayefua. Miezi mingi nyuma, kituo kingine kilikuwa kimempiga eksirei, ikatoka safi, akaambiwa hana kitu, aende apumzike. Nyumbani wakasema ni uvivu, wengine ni jicho la mtu. Alipofika kwetu mfupa ulikuwa umekwisha kumeguka ukingoni mwa vifundo viwili, kijishimo kidogo kama biskuti iliyoonjwa na panya. Kijishimo cha namna hiyo hakirudi kujaa kama kilivyokuwa.

Ile picha ya kwanza haikudanganya. Eksirei huonyesha mfupa, na katika miezi ya mwanzo ya baridi yabisi mfupa bado ni mzima. Moto uko kwenye utando. Altrasaundi, ile ya mawimbi ya sauti, huuona utando ulionenepa, na ukiwasha kile kipimo cha mwendo wa damu, sehemu yenye moto humetameta rangi nyekundu kwenye kioo. Ila hii yataka mkono uliofunzwa, maana altrasaundi ni nzuri kadiri ya anayeishika. MRI, ile mashine kubwa ya sumaku, huona zaidi: huona maji ndani ya uboho wa mfupa, dalili ambayo mara nyingi hutangulia mfupa kumeguka. Lakini hata kabla ya mashine hizo kuna swali lisilo na gharama: ukiamka, ukakamavu wa viungo hukaa muda gani? Wa gegedu lililolika kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa. Wa baridi yabisi hupita hapo, pengine hukaa hadi adhuhuri.

Na muda unahesabiwa. Miongozo ya madaktari wa magonjwa haya Ulaya yataka mtu mwenye viungo vilivyovimba aonwe na bingwa ndani ya wiki 6 tangu dalili zianze, na aliye hatarini ugonjwa kumganda aanze dawa ya kuuzuia ndani ya miezi 3. Kwetu mabingwa hao ni wachache na foleni ni ndefu, ndiyo sababu karatasi iliyoandikwa "picha safi" isimrudishe mtu nyumbani akalale. Vipimo vya damu vilevile: wapo wagonjwa ambao damu yao haionyeshi kitu na ugonjwa wanao.

Kitu kingine kinachowaudhi: "Naumwa mikono, nawe wanipiga miguu!" Naam, na sikukosea. Baridi yabisi hupenda kuanza kumegua mifupa midogo ya mbele ya wayo, hasa karibu na kidole cha mwisho, hata kwa mtu asiyelalamikia mguu. Kwa hiyo mikono na miguu huenda pamoja.

"Nipigeni ile kubwa, nataka uhakika"

Ile kubwa ni MRI. Kijana analipa pesa nyingi kumpeleka babake, kwa mapenzi, na matokeo yanarudi na kurasa mbili za maneno ya kutisha: kisahani kimechanika, gegedu limechakaa, mfupa umeota. Mzee aliyeingia akichechemea kidogo anatoka hataki hata kukanyaga chini.

Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya watu 710 wa mji wa Framingham, Marekani, wote wamezidi miaka 50 na eksirei za magoti yao hazina dalili ya kulika. Walipowaingiza kwenye MRI, asilimia 89 walikutwa na angalau kasoro moja gotini. Wengi hawakuwa wakiumwa. Yaani ukimpiga MRI mtu mzima yeyote utapata cha kuandika, na si kila kilichoandikwa ndicho kinachomliza usiku. Uingereza, miongozo yao inamruhusu daktari kuutambua ugonjwa wa kulika kwa gegedu bila picha yoyote kwa mtu wa miaka 45 au zaidi, mwenye maumivu yanayokuja na shughuli na asiye na ukakamavu mrefu wa asubuhi. Picha hutafutwa pale hadithi isipolingana: goti limevimba ghafla, kuna homa, uliumia, au upasuaji uko njiani. Nasema haya nikijua kwamba mkate wangu unatoka kwenye hizo picha.

Nao wapo wa upande wa pili, wanaoambiwa "daraja la nne" na kuanza kuandika wosia. Madaraja haya, kuanzia 0 hadi 4, yalipangwa na Kellgren na Lawrence mwaka 1957. Yanahesabu pengo lililobaki, miiba ya mfupa na ugumu wa ncha zake. Hayapimi maumivu. Nimepiga goti la daraja la nne la mama anayepanda ghorofa nne kule Majengo na ndoo kichwani, na goti la daraja la pili la mwalimu asiyeweza kuketi tahiyatu. Anayepelekwa kubadilishiwa goti hupelekwa kwa sababu ya maisha yaliyomshinda, na picha ikikubaliana nayo. Wasomaji wawili wa picha moja wanaweza kutofautiana daraja, na hakuna aliyelala kazini.

Jongo nalo, ugonjwa wa chumvi ya yuriki kuganda viungoni, lina hila zake. Mtu amekula biriani ya harusi, usiku kidole gumba cha mguu kimewaka, asubuhi eksirei haina kitu isipokuwa uvimbe. Mashimo ya jongo mfupani huchukua miaka. Altrasaundi yaweza kuonyesha chumvi ya yuriki imetanda juu ya gegedu kama mstari wa pili, na iko CT skani (eksirei inayopiga mwili vipande vipande) ya aina yake inayozipaka chumvi hizo rangi. Damu ikipimwa siku hiyo hiyo ya moto, yuriki yaweza kuonekana ya kawaida, ikampoteza mtu.

Mionzi? Kwa kipimo cha mionzi, picha moja ya mkono ni kama milisiveti 0.001. Ardhi, anga na chakula hutupa wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka, kwa hiyo hiyo picha ni sawa na saa nne hivi za kuishi tu duniani. CT skani ni zaidi sana, na haipigwi kwa kujifurahisha. MRI na altrasaundi hazina mionzi hiyo kabisa. Mimi hujificha nyuma ya ukuta kwa sababu wewe wapigwa leo, mimi nimo humu Jumatatu hadi Jumamosi. Mwenye mimba, au anayeshuku, aniambie kabla sijabonyeza.

"Hizo za zamani nimezitupa"

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Ugonjwa wa viungo husomwa kwa kulinganisha. Picha moja yaonyesha pengo la leo. Mbili zilizopishana mwaka zaonyesha mwendo, na mwendo ndio unaomwambia daktari kama dawa yafanya kazi. Hakuna haja ya kupigwa kila mwezi, mfupa haukimbii hivyo. Lakini watu huweka filamu chini ya godoro, na kwa joto letu na unyevu wa bahari hunatana zikabanduka ngozi. Wengine hupewa kisahani cha CD ambacho hakuna kompyuta nyumbani ya kukifungua, wakakitundika shambani kufukuza ndege. Weka filamu wima, ndani ya bahasha yake, kabatini. Ya CD omba ripoti iliyochapishwa pia.

Bi mkubwa wa pete alirudi baada ya mwaka na miezi kadhaa. Alikuwa ameanza dawa, uvimbe umepungua, na bahasha ya picha za kwanza ameizungushia leso ileile, haina hata kunyanzi. Niliweka mbili mbili kwenye skrini, akasogeza kiti na kuvaa miwani yake.

"Nionyeshe pale palipokuwa na pete," akasema.