Bunduki za Mitutu Miwili za Suhl: Kusoma Alama Kabla ya Kugusa Kutu

Mtu akiletewa bunduki ya marisau (yaani gololi ndogo nyingi zinazotoka kwa pamoja) ya zamani, ya Kijerumani na yenye mitutu miwili, jicho lake hukimbilia nakshi za kulungu na majani zilizochongwa ubavuni. Habari zake za kweli, hata hivyo, zimefichwa upande wa chini wa mitutu, nyuma kabisa, mahali pasipoonekana mpaka ubao wa mbele utolewe na mitutu ing'olewe kwenye kitako. Sisi tunaohifadhi silaha za kale katika makumbusho huanza kwa kuhakikisha kuwa hakuna risasi ndani, kisha huenda moja kwa moja kwenye alama hizo na kuzipiga picha kabla kitambaa chochote hakijagusa chuma.

Nyingi ya bunduki hizi zilitoka Suhl, mji mdogo wa milimani katika eneo la Thuringia, au kwa majirani zake wa Zella na Mehlis, miji iliyounganishwa mwaka 1919 ikawa Zella-Mehlis. Kampuni ya J. P. Sauer & Sohn ilianzishwa Suhl mwaka 1751, na Gebrüder Merkel ilianza humo mwaka 1898. Pamoja na majina hayo makubwa palikuwa na mafundi wadogo wengi, huyu akitengeneza mitutu, yule mitambo ya kufyatulia, mwingine akichonga vitako, na kazi yao ikauzwa chini ya jina la mwenye duka wa mji mwingine kabisa. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwa dhahabu juu ya mitutu mara nyingi ni la muuzaji, na kulishikilia kama jina la fundi ni kosa linalojirudia sana.

Kilichotuokoa ni sheria. Tarehe 19 Mei 1891 Ujerumani ilipitisha sheria ya kupima silaha, ikaanza kutumika Aprili 1893. Tangu hapo kila bunduki iliyokusudiwa kuuzwa ilipaswa kupigwa risasi za majaribio zenye baruti nyingi kuliko kawaida, na iliyosalimika ilitiwa chapa za herufi zenye taji juu yake. U ni ya ukaguzi, S ni ya mtutu wa marisau, G ni ya mtutu wenye mifuo ndani kwa ajili ya risasi moja, na W huonyesha kwamba mdomo wa mtutu umebanwa kidogo ili marisau yasitawanyike mapema. V yenye taji ilipigwa kwenye bunduki zilizokuwa tayari ghalani sheria ilipoanza, kwa hiyo ukiikuta ujue bunduki hiyo ni ya kabla ya 1893. N, inayohusu baruti isiyo na moshi, ilikuja baadaye, muda mfupi kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Sheria mpya ya mwaka 1939, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, iliondoa taji na kuweka tai juu ya herufi. Aidha, bunduki nyingi za miaka ya 1920 na 1930 zina tarakimu za mwezi na mwaka, mfano 6 27 kwa Juni 1927, ambazo watu huzidhania kuwa namba ya bunduki.

Namba nyingine huhitaji subira. Ile 12 au 16 iliyozungushiwa duara ni ukubwa wa chemba ya risasi, na asili yake ni hesabu ya gololi ngapi za madini ya risasi, zenye upana wa mtutu, zinapatikana katika ratili moja. Ndiyo maana 16 ni nyembamba kuliko 12. Alama kama 13/1 ni kipenyo cha ndani cha mtutu wenyewe. Maneno «Nicht für Kugel» si jina la mtu, ingawa nimewahi kuletewa bunduki ikiitwa hivyo. Maana yake ni kwamba mtutu huo uliobanwa haufai kupitisha risasi moja kubwa. Vivyo hivyo jina la Krupp, kampuni ya chuma ya Kijerumani, linaeleza chuma cha mitutu kilikotoka, wala halisemi kwamba Krupp ndiye aliyeiunda bunduki. Hata lile komeo liitwalo la Greener, kwa jina la mtengeneza bunduki wa Kiingereza, linalopita kwa upana juu ya chemba na ambalo wengi huliona kuwa la Kijerumani tupu, asili yake ni Birmingham, Uingereza.

Wakati mwingine jina hubeba msiba. Familia ya Simson, Wayahudi waliokuwa na kiwanda kikubwa Suhl, walinyang'anywa mali yao na utawala wa Wanazi katikati ya miaka ya 1930, na bidhaa za kiwanda hicho zikaanza kutolewa kwa herufi BSW. Anayezifuta herufi hizo ili bunduki ing'ae amefuta ushahidi.

Hapo ndipo ilipo hatari ya ukarabati. Bunduki nyingi nilizoziona zimeharibiwa na mashine ya kung'arisha kuliko na kutu, kwa kuwa gurudumu lake hulainisha kingo, hupoteza nakshi na kula chapa tulizozitaja. Kutu jekundu lililo hai huondolewa kwa mafuta mepesi na sufi ya chuma laini kabisa, kwa mkono, kidogo kidogo. Rangi ya kahawia iliyokolea na kutulia huachwa. Mitutu yenyewe imeungwa kwa lihamu ya madini ya risasi na bati pamoja na mapapi ya katikati, na kuitumbukiza katika dawa kali ya moto ya kutia rangi nyeusi hula lihamu hiyo. Ining'inize kwa kamba, uigonge taratibu kwa kidole: ikilia kama kengele, maungio ni mazima, ikitoa sauti ya kufa, kuna sehemu imeachia, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Kitako, ambacho kwa kawaida ni cha mti wa jozi, huumia pale kinapokutana na chuma, kwa sababu mafuta ya miaka mingi hushuka na kuilainisha mbao. Unga wa chaki uliokandwa kwa kiyeyusho huyafyonza, lakini hurudiwa mara kadhaa. Kupiga msasa ni mwiko, kwani mbao ikishuka chini ya chuma haipandi tena.

Ukarabati huu ni wa kuhifadhi, si wa kurudisha bunduki mawindoni. Chemba nyingi za zamani zina urefu wa milimita 65 ilhali risasi za leo huwa 70. Hizi huingia bila shida, kisha ganda likifunguka hukosa nafasi na shinikizo hupanda. Nchini Tanzania na Kenya silaha ya moto haimilikiwi wala haitengenezwi bila leseni, hata ikiwa ni urithi wa babu, na aliyeikuta kwenye sanduku aanzie polisi. Ikisharuhusiwa, isilazwe ndani ya mfuko wa ngozi, hasa katika unyevu wa pwani, maana ngozi huvuta maji na kuyakalisha juu ya chuma. Itiwe nta nyembamba, isimame penye hewa, na ishikwe kwa glavu.