Udongo Uliopita Motoni na Sumaku: Ufafanuzi kwa Wananchi wa Mtwara na Lindi

Msimu wa kusafisha mashamba ya mikorosho unapomalizika, ofisi za madini katika mikoa yetu huanza kupokea mifuko ya udongo ambao wenyewe wanasema "una mali", kwa kuwa unanaswa na sumaku iliyong'olewa kwenye spika ya redio. Aghalabu udongo huo umetoka chini ya tanuri la mkaa au mahali palipochomwa visiki, na hiyo peke yake inatosha kueleza kilichotokea.

Udongo mwekundu wa Newala na Tandahimba hupata rangi yake kutokana na oksaidi za chuma, yaani chuma kilichoungana na oksijeni, hasa hemataiti na gothaiti, ambazo sumaku ya kawaida haizivuti kwa kiasi cha kuonekana. Ukipata joto la nyuzi 300 za Selsiasi hivi au zaidi, huku mizizi na majani yakiungua ndani yake na hewa ikiwa haba, sehemu ya oksaidi hizo hugeuka kuwa magnetaiti, na baadaye, hewa inapoingia, baadhi yake huwa maghemaiti. Hizi mbili huvutwa waziwazi. Chuma ni kilekile kilichokuwamo. Moto umebadili umbile lake tu. Mtafiti Mfaransa Le Borgne alikwisha kuandika kuhusu athari hii ya moto mwaka 1960, kwa hiyo si jambo geni linalotokea kusini peke yake.

Wapo wanaosema kwamba bonge likitolewa motoni likiwa jekundu halinaswi, lakini likipoa linanaswa, na wanachukulia hiyo kuwa dalili ya madini "kuiva". Walichokiona ni kweli. Tafsiri ndiyo isiyo sahihi. Magnetaiti hupoteza usumaku wake inapofika nyuzi 580 hivi, na huurudisha inapopoa. Ukubwa wa chembe nao una nafasi yake: chembe ya magnetaiti iliyo chini ya takriban nanomita 20 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) hutikiswa na joto la kawaida la hewa kiasi kwamba huvutwa sumaku inapokaribia, lakini haibaki na usumaku wowote sumaku inapoondolewa, ilhali chembe hiyohiyo ikipozwa sana huushika. Udongo wa motoni huwa na chembe nyingi za aina hii.

Dhahabu haivutwi na sumaku. Kinywe (grafiti) cha Ruangwa hakivutwi, wala jasi ya Kilwa. Ni vigumu kuelewa kwa nini sumaku bado inaaminiwa kuliko maabara.

Anayetaka udongo wake upimwe achukue kilo moja au mbili kutoka mahali pasipoguswa na moto, aukaushe kivulini na si jikoni, kwa kuwa joto hubadili kile kinachopimwa, kisha aandike juu ya mfuko jina la kijiji, kina cha shimo, tarehe na, inapowezekana, majiranukta, yaani namba za GPS zinazoonyesha mahali penyewe. Majibu yakionyesha madini, bado haruhusiwi kuchimba: Sheria ya Madini, Sura ya 123, inakataza kutafuta au kuchimba madini bila leseni, na anayekiuka anaweza kutozwa faini, kufungwa au kupewa adhabu zote mbili. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Mtanzania, kwa kipindi cha miaka 7, na ridhaa ya mwenye shamba inahitajika kabla ya kuingia. Mfuko usioandikwa kijiji wala kina hautapokelewa.